Mlezi wa Uwanja

Mzee Gonga hakuwa mtu wa kuingia mahali kabla ya kupauliza kama panaingilika. Sisemi hodi, hodi hata mwizi hupiga. Yeye aliigonga nyumba yenyewe. Akifika kwa mtu, anainua mkongojo wake, anagonga ukuta mara mbili, ko, ko, anainamisha sikio, na hapo ndipo anapofungua mdomo kusalimia. Aligonga meza kabla ya kuweka kikombe. Aligonga matikiti sokoni mpaka wauzaji wakawa wanamwita awaamulie ugomvi na wateja wao. Hata wajukuu aliwagonga vichwani kwa kidole: "Hiki kimejaa. Hiki hapa, mh, bado kuna nafasi ya kupangisha." Mkewe, mwanamke wa maneno machache na yote makali, alikuwa akimwuliza, "Leo ukuta umekujibu nini, mzee? Umekupa salamu zangu?"

Mjini pale hakuna aliyemwona mwehu. Kila aliyevuka miaka sitini alijua ile mila ilikotoka. Chini mgodini hukupita chini ya dari kabla hujaligonga kwa mti na kulisikiliza. Dari zima hulia kwa sauti kavu, kama chungu kisicho na ufa. Dari lililoachia hutoa sauti ya debe tupu, na ukilisikia debe unatoka mbio, maswali utauliza ukiwa nje. Mzee Gonga aligonga madari kwa miaka ishirini. Mkono ukishazoea kitu miaka ishirini, haukuombi ruhusa tena.

Mji wenyewe ulizaliwa na makaa ya mawe. Kabla yake palikuwa na vilima na mbuzi, na mbuzi hawakulalamika. Ikaja kampuni, ikachimba shimo, ikatandaza reli, ikajenga laini tano za nyumba za matofali, bafu kubwa la kuogea wachimbaji, ukumbi, na uwanja wa mpira. Juu ya paa la ofisi wakaweka king'ora, kikawa ndicho baba wa mji. Kilipolia alfajiri watu waliamka, kilipolia mchana wanawake waliinjika sufuria, kilipolia jioni waliogombana walinyamaza, maana wanaume walikuwa wanarudi na hakuna aliyetaka kueleza. Nguo nyeupe zilianikwa kwa kuangalia kwanza upepo unatoka wapi. Ukikosea, shuka la harusi linageuka la matanga.

Kisha mgodi ukafungwa. Si kwamba makaa yaliisha, la hasha. Wakubwa waliamua tu kwamba makaa ya kwingine ni bora. King'ora kikang'olewa na kubebwa pamoja na vyuma chakavu, na kwa miezi kadhaa mji mzima ulikula chakula kilichoungua, kwa sababu hakuna aliyejua saa. Vijana wakaondoka. Wakabaki wazee, wakaidi, na wenye makaburi yao pale. Bafu kubwa likawa ghala. Chumba cha taa, mlimokuwa mkichajiwa taa za kichwani, kikawa cha kinyozi. Ukumbi ulibaki ukumbi, na ukutani mwake picha za wale ambao mji uliwashukuru kwa jambo fulani.

Picha ya nne kutoka mlangoni ilikuwa ya Mzee Gonga. Amesimama na toroli lake la gurudumu moja, uso umekunjamana kama mtu aliyeitwa polisi, na chini yake pameandikwa kwa rangi nyekundu: MLEZI WA UWANJA.

Sababu ni hii. Kila mvua ikinyesha, mbele ya goli la kusini palitokea kidimbwi. Makipa walikiita bahari. Na kila mvua ikikatika, kabla jua halijapanda, Mzee Gonga alikuwa pale na toroli la vifusi vya mgodi, anajaza, anashindilia kwa miguu, anasawazisha. Miaka zaidi ya thelathini, hakutumwa na hakuomba asante. Watu wakasema, jamani, huyu anaupenda mpira! Kilichowashangaza ni kimoja: akishasawazisha huondoka. Hakuwahi kukaa kutazama mechi hata moja upande ule. Mkewe alipomwuliza, alijibu, "Jua kali." Alijibu hivyo hata siku za mawingu.

Sasa njoo kwa kitindamimba wake. Alikuwa muuguzi, na mji mzima ulimwita Sista, wakubwa kwa wadogo. Hospitali ilikuwa mbali, mwendo wa saa tatu barabara ikiwa kavu, na ikiwa mbichi Mungu ndiye ajuaye. Mimba yake ya kwanza, uchungu ulimshika msimu wa mvua. Wakampakia nyuma ya lori la mkaa, juu ya magunia. Mtoto alizaliwa kwenye kona ya pili ya mlima, na hakulia. Mzee Gonga alikuwa ndani ya lori hilo. Yeye ndiye aliyevua koti lake akamfunikia mjukuu ambaye hakuwa na haja ya kufunikwa.

Tangu siku hiyo Sista hakuwa na mazungumzo mengine. Sebule yake aliigeuza mahali pa kuzalishia; makochi yakatoka nje, kikaingia kitanda cha chuma. Mchana anazalisha, jioni anaandika barua. Ofisi hii, ofisi ile, njoo kesho, faili halionekani. Miaka kumi na mmoja! Mwingine angekata tamaa, lakini huyu alikuwa na ukaidi wa mama yake na masikio ya baba yake: aliijua sauti ya mlango utakaofunguka. Mwisho wakakubali. Zahanati, yenye wodi ya wazazi. Na mahali? Uwanjani, upande wa goli la kusini, kwa kuwa ni tambarare na barabara ipo.

Mhandisi alikuja na ramani ya zamani ya kampuni, akaitandaza juu ya meza ya ukumbi, watu wakaizunguka. "Hapa chini mgodi ulipita," akasema, "lakini waliacha nguzo nne za makaa ambazo hazikuchimbwa, kila moja kubwa kuliko ukumbi huu. Zinabeba hata ghorofa." Watu wakapiga makofi. Kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, akauliza nani atapiga jembe la kwanza, na hata hawakujadili. Nani mwingine kama si Mlezi wa Uwanja?

Sista alikuja mwenyewe kumpa baba yake habari. Alikuja anakimbia, mtu mzima, viatu mkononi. Mzee Gonga alikuwa ameshika kikombe cha chai. Aligonga meza mara mbili ili akiweke, kisha hakukiweka. Alikishikilia mpaka chai ikapoa.

"Baba, hufurahi?"

"Nimefurahi, mama. Nimefurahi sana."

Alidanganya, na najua kwa nini. Nguzo zile nne hazikuwapo. Yeye ndiye aliyezichimba.

Ilikuwa miezi miwili kabla ya mgodi kufungwa. Uvumi ulikuwa umeshaenea. Meneja akamwita nyapara wa kundi la Mzee Gonga, watu sita pamoja naye, akafunga mlango. Akamwambia kwamba vibehewa vya makaa vya mwezi ule vikifika idadi fulani, wakubwa hawatafunga. Na njia ya kufikia idadi hiyo ilikuwa moja tu: kuchimba nguzo, zile zinazobeba ardhi. Nguzo haziguswi, hilo hata mchimbaji wa siku ya kwanza anafundishwa. Nyapara akawaambia wenzake, "Tukichimba tunavunja sheria. Tusipochimba, hakuna mji." Basi wakachimba. Walizila nguzo zile kama mtu mwenye njaa anavyokula mbegu, huku wakigonga dari kila baada ya dakika, roho mkononi. Idadi ikafika, ikapita. Wakakumbatiana mle gizani, weusi tii, meno tu yanaonekana. Walidhani wameuokoa mji. Baada ya wiki sita mgodi ukafungwa vilevile, na kwenye ramani hakuna aliyefuta nguzo hata moja.

Wale sita waliapiana: juu pale ni uwanja tu, hakuna nyumba, mwacheni mtu acheze mpira wake. Lakini siku mtu yeyote akitaka kujenga pale, atakayekuwa hai aseme. Vumbi la makaa halimsahau mtu. Lilimchukua nyapara kwanza, kisha wengine mmoja mmoja, kikohozi hiki, kikohozi kile. Wa tano alizikwa miaka miwili iliyopita. Siri ya watu sita ikabaki ya mmoja, na huyo mmoja alikuwa akiijaza kwa toroli kila mvua ikikatika, huku watu wakimshukuru.

Unafikiri alisema? Thubutu! Kwanza alijaribu ujanja. Akamwendea kinyozi, akakaa kitini kana kwamba ana nywele za kunyoa. "Mwenyekiti, pale kusini jua kali mno kwa wagonjwa."

"Tutaweka paa, mzee. Zahanati huwa na paa."

"Na vijana watachezea wapi?"

"Vijana gani? Kipa wetu ana wajukuu."

Wateja wakacheka, naye akacheka nao, akatoka na kidevu kilichonyolewa bila haja. Siku ya pili alimwambia mhandisi kwamba maji hutuama pale. Mhandisi akamjibu kwa heshima kwamba wataweka mitaro. Siku ya tatu alisema anaumwa. Mkewe akamtazama kutoka unyayo hadi utosini.

"Unaumwa nini?"

"Mwili tu."

"Mwili tu ndio upi? Miaka arobaini na mitatu nalala na wewe, ukiumwa mji mzima unajua. Sema."

Akamwambia. Alimwambia yote kuhusu zile nguzo nne, akiwa ameketi kwenye kigoda cha jikoni, mkongojo katikati ya magoti. Mkewe aliendelea kuchambua mchele mpaka akamaliza, akaupepeta, akauweka kando.

"Kumbe lile jua," akasema.

"Ndilo lile."

"Ukisema, mwanao atakuchukia. Usiposema, mwanao atakuwa ndani ya jengo hilo usiku na mchana, na wanawake wa watu, na vichanga." Akakung'uta ungo. "Mficha uchi hazai, mzee. Na safari hii hawatazaa wengi."

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa. Viti vilipangwa, jembe jipya likafungwa utepe. Sista alivaa sare yake nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Kinyozi alihutubia kwa nusu saa, akausifu mji, akaisifu kamati, akajisifu na yeye kidogo, kisha akasema, "Sasa namwita mtu ambaye ameutunza uwanja huu kuliko alivyoitunza nyumba yake." Makofi. Mzee Gonga akainuka. Walimpa jembe, hakulipokea. Alipiga hatua mpaka mbele ya goli, akagonga ardhi kwa mkongojo, ko, ko. Watu wakaangua kicheko. Walidhani ni utani wake wa kila siku.

"Hapa ni patupu," akasema.

Kicheko kikapungua.

"Nguzo zilizo kwenye ramani hazipo. Tulizichimba sisi, watu sita. Wenzangu wameshakufa, nimebaki mimi. Kile kidimbwi si cha mvua, ni ardhi inakwenda chini. Mimi sijawahi kuupenda mpira."

Mhandisi akasema labda mzee amechanganya, umri nao. Mzee Gonga akamjibu, "Lete mashine yako utoboe. Ukikuta makaa, nipeleke kwa vichaa." Lakini jicho lake halikuwa kwa mhandisi. Sista alikuwa amesimama palepale, mikono imeshika sare. Hakupiga kelele. Alimsogelea baba yake, akamwuliza kwa sauti ambayo watu wa nyuma hawakuisikia.

"Miaka kumi na mmoja ninaandika barua. Ulikuwa unazinunulia stempu. Hukuweza kusema?"

"Hukuwa umesema ni hapa, mama. Uliposema ni hapa, nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Uso wako huo."

Sista akageuka, akaenda zake.

Mji ukachafuka. Wapo waliosema mzee anawaonea wivu wenye maendeleo. Wapo waliomtukana kwa ajili ya watoto wao waliocheza pale miaka yote, na hao sina la kuwajibu, walikuwa na haki. Picha ya nne kutoka mlangoni ikateremshwa. Ukutani pakabaki mraba mweupe na msumari. Watu walipita mbele ya nyumba yake bila salamu. Alipokwenda sokoni, hakuna aliyempa tikiti alisikilize. Yote hayo aliyameza. Lisilomezeka ni kwamba Sista hakukanyaga kwao kwa wiki tatu, na nyumba zao zilikuwa hatua mia mbili na kumi kwa hesabu ya mkongojo wake.

Wiki ya nne ikaja mashine ya kutoboa. Alikwenda akasimama mbali. Chuma kikazama, mita tano, mita kumi, mita ishirini, kikisaga mwamba kwa kelele ya kuumiza meno. Halafu kelele ikakatika. Chuma kikashuka chenyewe ghafla, kama mguu uliokosa ngazi, na waliokishika wakaruka nyuma. Kutoka kwenye tundu ikapanda hewa baridi yenye harufu ambayo wazee waliitambua. Wengine walivua kofia. Kinyozi akaketi chini na suti yake.

Hakuna aliyemwomba Mzee Gonga radhi, na hakuitaka. Lakini siku ya pili yake, saa nne asubuhi, mkewe akasikia ukuta unagongwa nje, ko, ko. Hakuwa mumewe, mumewe alikuwa ndani anafunga kamba za viatu. Alikuwa Sista, na mkononi ana utepe wa kupimia, nyundo, na vigingi vinne.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Baba." Hakukaa. "Mhandisi anasema ramani sasa haiamini. Anasema wakikosa mahali imara, jengo litapelekwa mji mwingine. Ametupa siku saba. Baba, wewe ndiye ramani iliyobaki. Wapi panabeba?"

Mzee Gonga akachukua mkongojo. Akafikiri kwamba ataanza kutembea, ampeleke huku na kule, ahesabu hatua kama zamani, achelewe kidogo. Miguu ikakataa uongo huo. Alibaki amesimama sebuleni kwake.

"Hapa," akasema.

"Hapa wapi?"

"Hapa tuliposimama. Nyumba hizi sita za mwisho za laini ya juu. Chini yake kuna nguzo tatu, nzima, haijaguswa hata moja. Leteni mashine mtoboe."

Sista akatazama sakafu, kisha akatazama dirishani, kwenye zile nyumba nyingine tano, tupu tangu wenyewe walipokufa. Kila mtu mjini alijua kampuni iliwapangisha watu wa kundi moja laini moja, ili zamu ikiitwa waamshwe kwa mara moja. Hakuwa mjinga. Alielewa kabla hajauliza, lakini aliuliza.

"Hizi mbona hamkuzichimba?"

Mkewe akaacha kufagia. Hili hata yeye hakuwa ameambiwa.

"Meneja hakutaja nguzo zipi," Mzee Gonga akasema. "Alisema nguzo tu. Karibu na reli kulikuwa na mafungu mawili, hizi na zile za uwanjani. Tukakaa chini, sisi sita, tukachagua." Akaelekeza mkongojo kwenye kabati. "Ulikuwa na miezi mitano. Ulikuwa unalala humu, pale penye kabati."

"Na uwanjani watoto walikuwa wanacheza kila jioni."

"Walikuwa wanacheza."

"Watoto wa watu."

"Kule hakukuwa na wangu," akasema, na machozi yakamtoka, mtu ambaye hakuyatoa hata kwenye lori. "Ndiyo hivyo, mwanangu. Sina njia nyingine ya kulisema."

Mama yake alikuwa ameegemea ufagio, anawatazama wote wawili. Nyumba ile aliifagia tangu akiwa bibi harusi. Mwishowe alipumua, akaenda chumbani, wakasikia anaburuta sanduku kutoka uvunguni.

Sista akatoka mpaka kwenye kona ya nyumba, akachuchumaa, akamwita baba yake kwa mkono. Akampa kigingi cha kwanza.

"Kishike wima."

"Mwanangu..."

"Nimekusikia, Baba. Ulihesabu wako, ukawaacha wa wenzako. Sasa watakaozaliwa hapa wote ni wako, mpaka ufe. Shika kigingi."

Mzee Gonga akapiga magoti, akakishika kwa mikono miwili, karibu sana na mahali nyundo itakapoangukia. Sista akakipigilia.